Mchezaji Niliyemwandika Kabla Hajaondoka

Nilistaafu wiki tatu zilizopita na bado sijapata mahali pa kukaa. Naketi barazani, nainuka. Naingia ndani kuwasha redio, naizima kabla mtangazaji hajamaliza kusalimia. Mume wangu ameniambia kwa upole kwamba nyumba yetu ya Mwembesongo, hapa Morogoro, haikujengwa kwa ajili ya mtu anayetembea namna hii. Ndipo nikachukua daftari. Mliniomba, ninyi vijana wa dawati la michezo pale redioni, niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi, na nyie mnavijua. Nitawaandikia kazi yenyewe, na habari moja niliyoikosea.

Nilianza nikiwa opereta wa simu katika kiwanda cha mablanketi. Nilikuwa nimecheza kikapu sekondari, nafasi ya mlinzi, kwa hiyo jioni baada ya kazi nilikwenda kujaza fomu za pointi kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala. Enzi hizo kila kiwanda cha maana kilikuwa na timu. Vumbi la sufu lilitua juu ya saruji, wachezaji wakateleza, na kila mechi ilianza kwa watu wanne kufagia. Ubao wa upande wa mlimani ulikuwa umepinda kidogo. Wenyeji tuliujua, wageni wakaujulia hapo hapo.

Kisha ukaja ule wakati wa magazeti ya watu binafsi. Karibu kila mwezi lilizuka jipya, na yote yalitafuta waandishi wa mikoani ambao wangekubali kuandika bila kuuliza maswali mengi. Nikampigia simu mhariri wa michezo wa gazeti moja la Dar es Salaam, kwa kutumia simu ya kiwanda, jambo ambalo sasa naweza kuliungama. Akaniambia nimsomee mechi ya jana. Nikamsomea: wenyeji sabini na moja, wageni sitini na nne.

"Magoli sabini na moja?" akauliza. "Dada, mlikuwa mnacheza tangu juzi?"

Nikamweleza kwamba ni kikapu. Akasema wasomaji wanataka soka, lakini ana nafasi ya vidole vitatu chini ya ukurasa. Kesho yake habari ikatoka. Golikipa wetu, iliandikwa, alicheza vizuri. Sikujua tumempata wapi.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Mzee Kibwana. Aliwahi kuwa mwandishi wa serikali hapa mkoani, akastaafu, akakodi chumba karibu na soko kuu, anawachapia watu barua za maombi ya kazi. Mashine yake ya taipu haikuwa na herufi K. Ilikatika zamani na vipuri havikupatikana. Fikirieni, mwandishi wa mpira wa kikapu kwa mashine isiyo na K. Nilichapa nikiruka nafasi, kisha nikarudi na kalamu kuzijaza zote, na Mzee Kibwana alisema hilo ndilo zoezi bora kuliko yote, kwa sababu lilinilazimisha kuisoma habari yangu mara ya pili.

"Hili umeliona mwenyewe au umeambiwa?" alikuwa akiuliza, kidole kwenye mstari.

"Nimeambiwa, mzee."

"Na nani? Yeye aliliona?"

Mara nyingi niliishia kurudi uwanjani kuuliza upya, nikiwa nimekasirika. Hakuwa mtu wa kusifu. Siku nzuri alisema, "Inasomeka."

Baada ya mwaka mmoja mhariri alinipa safu ya kila Jumatano, habari na maoni ya kikapu cha kimataifa. Nikaiita "Chini ya Pete". Mnashangaa nilipata wapi habari za ligi ya Marekani nikiwa Morogoro. Matokeo niliyadaka alfajiri kwenye redio ya masafa mafupi, antena ya waya nimeifunga kwenye mpapai. Maelezo niliyapata kwenye majarida aliyonipa Sista Godelieva, mtawa Mbelgiji aliyefundisha hisabati na kupenda kikapu kuliko alivyokiri. Yalifika yakiwa na miezi minne. Sura za timu nilizijua kwenye mitumba. Pale sokoni fulana za timu za Marekani zilianza kumwagika kwenye marobota, na wauzaji walinisubiri niwaambie ipi ni ya bingwa ili waipandishe.

Basi nikaandika maoni makali juu ya watu ambao sikuwahi kuwaona wakisogea. Kuna mchezaji mmoja wa kati nilimwita mzito kwa msimu mzima, kwa kuangalia picha zake. Siku baa moja ya Msamvu ilipoleta dishi na mkanda wa video, nilimwona akikimbia. Alikuwa mwepesi kama karatasi. Nikanywa soda yangu haraka nikaondoka. Jumatano iliyofuata nikaandika kwamba amebadilika.

Hilo lilikuwa kosa dogo, nikalicheka. Ingefaa linitishe.

Deo Banzi alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma pale kiwandani, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Mgeta huko juu Uluguru. Alikuwa mrefu, lakini warefu ni wengi. Yeye alikuwa na subira. Alidunda mpira taratibu kama mtu anayefikiria jambo jingine, beki akasogea, akasogea, na alipokuja kushtuka mpira ulikuwa wavuni. Nje ya uwanja aliongea kidogo, kwa ile lafudhi ya mlimani inayovuta mwisho wa neno. Mimi aliniita Dada Tere. Kila nilipoandika jina lake alinunua nakala mbili, moja yake, nyingine ya mama yake, ambaye hakujua kusoma lakini aliiweka.

Mwaka ule timu ya kiwanda ilikwenda Nairobi kwenye mashindano ya klabu za kanda, na Deo akawashangaza watu. Wakati huo huo kiwanda kilitangazwa kuuzwa. Tuliitwa bwaloni tukaambiwa: anayetaka kuondoka kwa hiari atie saini, achukue chake aende, anayetaka kungoja mwenye mali mpya angoje, hakuna ahadi. Watu wakatembea na fomu mifukoni kama wagonjwa na vyeti vyao. Asubuhi umeamua kubaki, mchana umeamua kuondoka. Hata mimi kwenye ubao wa simu nilisikia siku nzima watu wakiulizana, "Wewe umefanyaje?"

Katika hali hiyo akaja Bwana Felisi. Alijitambulisha kuwa wakala wa wachezaji, makazi yake Nairobi, suti ya rangi ya maziwa. Alimwona Deo kwenye mashindano. Alikuwa na barua ya klabu moja ya Ubelgiji inayomtaka Deo acheze kwa kulipwa, yenye nembo nzuri ya bluu na saini mbili. Alinipa nakala mwenyewe, bila kuombwa.

Nikampigia mhariri. Alinisikiliza kwa mara ya kwanza bila kutafuna kitu.

"Mtanzania kwenda kulipwa Ulaya kwa kikapu? Nipe leo. Ukurasa wa mbele wa michezo."

"Ngoja nihakikishe na klabu yenyewe."

"Umeiona barua?"

"Nimeiona."

"Basi. Usipoleta leo, kesho utaisoma kwenye gazeti la jirani."

Mzee Kibwana siku hiyo alikuwa Gairo, msibani. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa kujitetea. Sikuwa na wa kuniwekea kidole kwenye mstari, na kusema kweli nilifurahi kwamba hayupo. Niliichapa kwa saa moja. Sikuandika "amealikwa". Sikuandika "inasemekana". Niliandika kwamba Deodatus Banzi amejiunga na klabu ya Ubelgiji na ataondoka mwisho wa mwezi. Juu yake nikaongeza maoni, aya mbili ndefu, nikiwaasa vijana wa viwandani wasiogope kuondoka. Dunia imefunguka, niliandika, anayengoja getini atafungiwa nje. Hizo aya nilizipenda sana.

Gazeti lilipofika, kiwanda kizima kililisoma. Deo alilikata kwa mkasi, akaliambatanisha na fomu yake ya kuondoka kwa hiari, akatia saini siku hiyo hiyo. Ofisa utumishi alimpa mkono. Mimi nilikuwepo. Nilipiga makofi.

Mzee Kibwana aliporudi nilimpelekea gazeti kwa fahari. Alisoma, akarudia, akaweka kidole. Hakuuliza lile swali lake. Alisema tu, "Theresia, simu za Ubelgiji zimeharibika?"

Kuanzia hapo sikulala vizuri wala kukaa vizuri. Nilikwenda kwa Sista Godelieva na nakala ya barua. Aliiangalia nembo kwa muda, akasema mji huo si mbali na kwao, kaka yake anaweza kuuliza. Akaandika faksi kwa mkono, tukaituma Posta. Siku sita nilipita Posta asubuhi na jioni hadi karani akaanza kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Siku ya saba karatasi ilikuwepo. Sista alinitafsiria tukiwa tumesimama pale pale kwenye foleni.

Klabu ilikuwepo. Nembo ilikuwa yake. Ilikuwa klabu ya kuogelea. Kaka yake alikwenda mwenyewe, akaonyeshwa bwawa, akauliza kuhusu kikapu, wakamcheka.

Deo hakuwepo mjini. Alikuwa amekwenda Mgeta kuaga. Keshokutwa yake angepanda basi kwenda Nairobi, kwa hati ya muda ya mpakani, kukutana na Bwana Felisi, ambaye tayari alikuwa na pasipoti ya Deo. Simu hakuna huko juu. Nikaomba ruhusa kazini, nikapata lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, nikaketi nyuma juu ya matenga, kwa sababu mbele kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga. Barabara ile inapanda ikijikunja, na kila kona nilipanga maneno mapya nikayatupa. Baridi ilinikuta nimevaa viatu vya ofisini. Nilishuka nikamalizia kwa miguu, nikipita matuta ya kabichi na njegere, watu wakinisalimia, nami nikiwauliza kwa Banzi. Wote walijua. Wote waliongeza, "Yule anayekwenda Ulaya?"

Uani kulikuwa na watu kama thelathini. Masufuria yalikuwa jikoni, na mjomba wake Deo, Mzee Lukoo, mwenye sauti ya mwisho katika nyumba ile, alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mto. Mama yake Deo alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, mwanangu! Ndiye wewe wa gazeti!"

Nilimwamkia mjomba, nikamwamkia mama, nikamwomba Deo tuzungumze pembeni. Mjomba akasema hapana haja ya pembeni, habari njema ni ya wote. Nikasema si njema.

Nikawaeleza. Nilisoma faksi, nikaonyesha nembo. Nilisema, "Nilikosea mimi. Niliandika kitu ambacho sikukijua."

Deo aliichukua karatasi, akaitazama, akanirudishia.

"Dada Tere, hii imeandikwa na nani?"

"Kaka yake Sista Godelieva."

"Simjui. Wewe nakujua. Wewe uliandika nimejiunga. Sasa gazeti lilikuwa linasema uongo, au wewe ndio unasema uongo leo?"

"Gazeti. Mimi. Lile la kwanza ndilo uongo."

"Fomu nimeshatia saini," akasema. Hakupaza sauti. "Mtambo wangu amepewa mtu mwingine. Nikae hapa nifanye nini?"

Mjomba aliniuliza swali moja tu: kama nina hakika kabisa kwamba hata huyo wakala hayupo Nairobi. Sikuwa nayo. Nilikuwa na hakika na bwawa la kuogelea, basi. Ningeweza kusema ndiyo, ninayo, na labda angebaki. Nilishaandika mara moja kitu nisichokijua, nikashindwa kukisema mara ya pili. Mpaka leo nalizungusha hilo kichwani nikitembea hapa sebuleni, na siku nyingine naona nilifanya sawa, siku nyingine naona nilichagua vibaya wakati wa kuwa mkweli.

Walinipa chakula. Nilikula, maana kukataa kungekuwa matusi ya pili. Deo alinisindikiza hadi barabarani, na nilipopanda gari akasema, "Nitakwenda kuona mwenyewe." Akaondoka kama alivyopanga.

Mimi nilikwenda Dar kwa mhariri. Nilitaka sahihisho, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Aliniuliza ni nani atakayelinunua gazeti linalojikana. Nikaketi ofisini kwake. Akaenda mkutanoni, akarudi, nipo. Akaenda kula, akarudi, nipo. Mwisho wakatoa mistari minne chini ya tangazo la rangi za nyumba, na safu ya "Chini ya Pete" akapewa kijana mmoja wa hapo hapo Dar, ambaye, kwa haki niseme, aliandika vizuri. Nami Posta nikatuma nakala ya mistari ile minne kwa ofisa utumishi, pamoja na barua ya kumwombea Deo arudishiwe nafasi. Alinijibu kwa heshima. Fomu zilikuwa zimefungwa.

Mwenye mali mpya alipoingia alipunguza watu wengi, mimi nikiwemo. Mafundi wa mitambo ya kufuma aliwabakiza wote. Uwanja wa saruji ukawekewa kontena. Nilizunguka miaka miwili nikichapa barua za maombi pamoja na Mzee Kibwana, hadi redio ya kwanza ya binafsi ilipofunguliwa hapa mjini wakataka mtu wa michezo. Mengine mnayajua, nyinyi wenyewe mlinikuta pale nikiwakera na simu zangu. Mlikuwa mkilalamika: matokeo yako kwenye mtandao, mama, kwa nini tumpigie kocha? Hamkujua kwa nini, sasa mnajua. Mzee Kibwana alifariki kabla hamjaja. Nilisoma tangazo lake la msiba hewani mwenyewe, na nilipiga simu kuhakikisha hata hilo.

Deo alirudi kutoka Nairobi. Hilo nililisikia, sikuliona. Alikwenda Gairo, akawa fundi wa mashine za kusaga, akaoa huko. Nilimwandikia barua mbili, hazikujibiwa. Wakati fulani nilipita Gairo na timu ya redio kwenye mkutano wa wakulima wa karanga, nikaiona karakana yake ng'ambo ya barabara, mlango wazi, mtu mrefu ameinamia mota. Nilisimama pale hadi dereva akapiga honi. Sikuvuka.

Tulionana miezi saba iliyopita, kwenye mashindano ya shule za mkoa, uwanja mpya. Nilikuwa nimekwenda kurekodi. Mwamuzi alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mrefu, asiyekimbia zaidi ya inavyohitajika. Watoto wanne wa timu ya Gairo, iliyocheza asubuhi, walikuwa wamefundishwa na yeye. Wakati wa mapumziko nilikwenda na kinasa sauti changu.

"Habari za siku, Deo."

"Nzuri, Dada Tere. Umezeeka."

"Na wewe."

Akacheka kidogo. Nikamwambia nataka kumhoji kabla sijastaafu, kuhusu wale watoto wake wa Gairo. Akasema atazungumza, ila kwanza niandike ile nyingine, ya Nairobi, maana hakuna aliyewahi kuiandika. Akaieleza amesimama, kwa dakika kumi, mpira kwapani. Wakala alikuwepo kwa siku mbili za mwanzo. Siku ya tatu hakuja. Deo alingoja siku kumi na moja, kila asubuhi akienda kwenye mlango wa hoteli alikofikia wakala na viatu vyake vya mpira begini, kwa sababu aliambiwa huenda kukawa na majaribio. Siku ya tano vijana wa mtaani walimkaribisha kucheza kwenye uwanja wao, akacheza nao kila mchana. Walitaka abaki. Alirudi kwa sababu mama aliumwa.

Niliandika yote kwenye daftari. Nilipomaliza akaniambia, "Nisomee."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye sentensi inayosema Deodatus Banzi alitapeliwa, aliinua mkono kama anapiga filimbi ya kosa.

"Toa hiyo."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa, Deo."

"Kutapeliwa tulitapeliwa wote. Mimi, wewe, gazeti lako, na mjomba na mto wake. Hilo si langu peke yangu. Andika lililo langu. Andika nilikwenda."

Nikafuta. Nikaandika alikwenda. Aliinama akaiangalia ile sentensi, miwani yake kwenye ncha ya pua, akaitikia kwa kichwa, kisha akageuka akawaita manahodha wa timu zote mbili, maana muda ulikuwa umefika wa kuanza robo ya tatu.